Toka Kwenye Picha

Kila watu wa kamera walipofika hifadhini, mtu wa kwanza waliyemwulizia hakuwa Mkuu wa Hifadhi mwenye nyota begani. Walimwulizia Fagio. Na Fagio alijua kwamba watamwulizia, ndiyo maana alikaa pembeni ya geti, tawi la majani mabichi limelala mapajani, anajifanya hana habari.

Jina hilo alilipata kwa kazi yake. Hifadhi ile ilikuwa na kila kitu ambacho watu wa filamu hukitafuta kwa tochi. Upande mmoja matuta ya mchanga yanayohama kila upepo ukivuma. Katikati kinamasi chenye matete, viboko na ndege wa kila rangi. Juu msitu wa ukungu, ambao jua huingia kwa kubembelezwa. Na chini kabisa uwanda wa chumvi, mweupe mpaka macho yanauma. Mtu aliweza kupiga picha za jangwa asubuhi, akala chakula chake cha mchana kivulini, akapiga picha za msitu kabla jua halijazama, na watazamaji wake huko waliko wakadhani amezunguka nusu ya dunia. Wakubwa walijisifia jambo hilo kwenye mikutano yao kana kwamba wao ndio walioupanda ule msitu na kuumwaga ule mchanga.

Lakini nchi nzuri namna ile ilikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni watu. Watu walikuwepo pembezoni mwake tangu zamani, na walikuwa na haki ya kupita: wanachota maji kwenye chemchemi, wanaokota kuni, wanakatiza kwenda kwa shemeji zao upande wa pili. Na wanaopiga filamu za wanyama hawataki mtu. Wanataka dunia ilivyokuwa kabla binadamu hajaja kuichafua. Hapo ndipo Fagio alipoingia. Kabla kamera haijawashwa, alitangulia na tawi lake, anatembea kinyumenyume, anafagia nyayo za viatu, michirizi ya matairi, makopo, mavi ya mbuzi. Alama ya kwato aliiacha, alama ya kisigino aliifuta. Akimaliza husimama nyuma ya mpiga picha na kulinda. Akitokea mchunga mbuzi, atafukuzwa. Akitokea mama na ndoo kichwani, atafukuzwa.

"Toka kwenye picha!"

Sauti yake ilivuka bonde na kurudi. Askari wenzake wa hifadhi walimtania kwamba akifika ahera atawafukuza malaika mawinguni ili mbingu ionekane vizuri. Naye alicheka. Enzi hizo alikuwa bado anacheka.

Mkewe alifariki msimu wa mvua uliopita. Kifua kilimbana asubuhi, na kufikia adhuhuri hakuwa tena na pumzi ya kuongea. Gari la hifadhi lilikuwa limekwenda kuwapokea wageni wa wakubwa, barabara ilikuwa tope tupu, na daktari wa zamu hakuwepo zamuni. Fagio aliwalaumu wote, kila mmoja kwa fungu lake, ila fungu nono alimwekea Mkuu wa Hifadhi. Akizungumza habari zake hakumtaja kwa cheo. Alimwita "bwana mkubwa", na alilitamka neno hilo kama mtu anayetema kokwa.

Lakini lililomchoma zaidi lilikuja baada ya mazishi. Jamaa walitaka picha ya marehemu ya kuweka mezani sebuleni. Picha ikatafutwa sandukuni, ikatafutwa chini ya godoro, ikatafutwa kwa majirani. Haikupatikana. Mwishowe walichukua ile ya kitambulisho, wakaipeleka studio ikakuzwa, na mama yule aliyekuwa na maneno mengi na kicheko cha kujaa nyumba akatokea amekaza shingo, macho yamemtoka, kama mtu aliyekamatwa na kuku wa mwenzie.

Binti yao, mshonaji mwenye kibanda chake mjini, aliitazama ile picha siku nzima. Watu walipotawanyika akamgeukia baba yake.

"Baba, umezeeka ukiwa na watu wa kamera."

"Ndiyo, mwanangu."

"Wamempiga picha hadi mende wa mavini. Nimeona mwenyewe kwenye televisheni, anabingirisha donge lake, na muziki juu. Mama hana hata moja?"

"Wakubwa hawakutaka watu kwenye picha."

"Mama hakuwa watu, Baba. Alikuwa mkeo."

Fagio aliinuka, akaenda kukunja mikeka ya wageni. Tangu hapo, kila alipokwenda mjini kumsalimia binti yake, walikaa wakiongea bei za vitambaa na habari za majirani, na ile picha ya kitambulisho ikawakodolea macho ukutani. Binti alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza. Mara moja tu alirudia habari ile, tena huku anatia uzi kwenye sindano, bila kuinua kichwa: "Huyu akizaliwa akaniuliza bibi yake alikuwaje, nitamwonyesha yule pale?"

Basi ikawa ndiyo hamu pekee iliyobaki katika maisha ya mzee yule: ipatikane picha ya mkewe akiwa yeye mwenyewe, ili binti amtazame tena baba yake bila lile jicho.

Watu wa kamera waliporudi kiangazi kile, kati yao alikuwemo mpiga picha mmoja wa siku nyingi. Alizaliwa mbali, lakini alikuwa ameijua lugha mpaka kwenye matani yake, na wenyeji walimwita Subiri. Aliweza kulala kifudifudi tangu umande hadi jua la utosi, jicho kwenye kamera, akingoja ndege mmoja ageuze shingo. Ukimwuliza kama amechoka, anajibu, "Subiri." Ukimwambia chakula kinapoa, "Subiri." Yeye na Fagio walikuwa wamelala kwenye matope mamoja miaka na miaka, mpaka mmoja akikohoa mwenzake anajua ni kikohozi cha vumbi au cha ukungu.

Subiri alishuka garini, akamkumbatia, kisha akatazama nyuma yake kana kwamba kuna mtu alitarajia kumwona.

"Mama hajambo?"

"Mama ametutoka, ndugu yangu."

Subiri alivua kofia. Alikaa nayo mkononi muda mrefu, anaizungusha.

"Mama wa ndoo ya bluu," akasema hatimaye, taratibu. "Maskini."

Fagio akamsogelea. "Ndoo umeijuaje?"

"Si alipita siku ile ya pundamilia? Pale chemchemi. Nilikuwa nimewasha kamera."

Siku ile Fagio alikuwa anaikumbuka vizuri sana. Ilikuwa imekuwa hadithi yake. Aliisimulia matangani, aliisimulia kwenye benchi la zahanati, aliisimulia kwa yeyote aliyekubali kusimama. Kwamba siku moja mkewe alishuka kuchota maji, kwa amani yake, na bwana mkubwa aliyekuwa amekuja kujionyesha mbele ya wageni akapiga kelele, mtoe huyo, mtoe huyo, na mama wa watu akageuka na ndoo yake tupu, akaenda zake kichwa chini bila neno. "Alifukuzwa kama mbwa," ndivyo alivyomalizia kila mara, "kwenye maji aliyozaliwa anayaona."

Alimsimulia Subiri vilevile. Subiri alisikiliza hadi mwisho, akamtazama.

"Ni Mkuu aliyempigia kelele?"

"Nani mwingine? Wewe ulikuwepo."

"Mimi nikiwa kwenye kamera huwa sisikii hata radi," alisema Subiri, akairudisha kofia kichwani. "Lakini nitaitafuta. Zile zilizoharibika nazo huwa zinawekwa. Ofisi yetu ni kama bibi mzaa mama, haitupi hata kopo. Nitawaandikia waitafute."

"Itachukua muda gani?"

"Subiri," akasema Subiri, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zile Fagio akacheka, kisha akaona aibu kwa kucheka.

Habari haikukaa. Hifadhini pale hata nyoka akijivua gamba jikoni wanajua. Asubuhi moja, watu wote wakiwa wamezunguka magari wanakunywa chai kabla ya kuelekea kinamasini, Mkuu alimwita Fagio kwa kidole. Alikuwa mtu mwembamba wa kuongea polepole, shati limenyooshwa likanyooka, na siku zote alikuwa na faili kwapani.

"Fagio, nasikia una ombi kwa wageni."

"Ni langu na Subiri."

"Si vibaya. Lakini maombi binafsi yapitie ofisini, tujue. Wageni wasije wakaona wanasumbuliwa."

Ilikuwa kauli ya kawaida ya ofisini, na siku nyingine Fagio angemeza mate akaondoka. Siku ile hakumeza.

"Yapitie ofisini? Na siku ulipomfukuza mke wangu kwenye picha, ulipitia ofisi gani?"

Vikombe vilisimama midomoni.

"Mimi?" alisema Mkuu.

"Wewe, bwana mkubwa! Mbele ya wageni, mbele yangu mimi mumewe. Ukamtoa kama unavyotoa kopo. Leo nimebaki na sura ya kitambulisho ukutani, mwanangu hanitazami usoni, halafu unaniambia habari za ofisi? Mlininyima gari akafa, mlimnyima picha akiwa hai. Mmebakiza nini?"

Dereva mmoja alimshika mkono. "Mzee, basi. Mzee, tafadhali."

"Niache! Kazi yenu kuketi na kuamuru. Toa huyu, zuia yule. Sisi ndio wa kufagia."

Mkuu hakupandisha sauti. Alihamisha faili kutoka kwapa moja kwenda jingine, akaonekana anajaribu kukumbuka kitu.

"Sikumbuki hivyo, Fagio," alisema. "Lakini una msiba. Nenda kapumzike leo, mwingine atafagia."

Fagio aliona ule upole ni wa mtu mwenye hatia. Alikwenda nyumbani, chumba chake cha bati nyuma ya karakana, akajilaza akitazama dari na kujisifu kimoyomoyo kwamba hatimaye amesema. Katika kona, chini ya rafu ya sufuria, ile ndoo ya bluu ilikuwa bado imefunikwa bakuli lake. Yeye sasa alichota maji kwa dumu. Ile hakuigusa.

Picha ilifika wiki hiyohiyo. Subiri alimkuta kwenye matuta ya mchanga, anafagia nyayo za wasaidizi waliobeba vyuma vya kamera, akamvuta pembeni.

"Imepatikana."

Fagio aliangusha tawi. "Yuko mzima? Anaonekana uso?"

"Anaonekana. Na sauti ipo." Subiri alikuna ndevu zake zilizojaa mchanga. "Nimeituma kwenye simu ya binti yako, ile yako ni ya kupigia tu. Nenda ukaitazame kwake."

"Si unionyeshe hapa sasa hivi!"

"Nenda kwa binti, kaka." Alimwekea mkono begani, akauacha hapo. "Jambo jingine. Siku ile niliandika kwamba picha imeharibika kwa sababu wanyama walikimbia. Basi. Sikuandika zaidi ya hapo."

Fagio hakuelewa, wala hakujali kuelewa. Alilazimika kuomba ruhusa, na wa kumwomba alikuwa bwana mkubwa yuleyule. Alisimama mlangoni mwa ofisi, hakuingia, akasema anataka kwenda mjini mara moja. Mkuu aliandika kitu, akainua simu ya mezani, akamwambia dereva ampeleke.

"Leo gari lipo," alisema Fagio.

Mkuu alirudisha mkono wa simu mahali pake. "Leo lipo," akajibu.

Kibanda cha binti kilikuwa na upana wa kutosha cherehani, meza ya kukatia, kioo cha wateja na pazia la kubadilishia nguo. Alipoingia, binti alikuwa amepiga magoti mbele ya mama mmoja mnene, pini mdomoni, anampima upindo wa sketi.

"Shikamoo, Baba," alisema kwa pembe ya mdomo.

"Marahaba. Umeitazama?"

Binti alitikisa kichwa. "Nilikuwa nakungoja."

Mteja alitazama huku na huku, akaona hapa pana jambo la watu, akavua sketi ile nyuma ya pazia, akasema atapita kesho. Binti aliufunga mlango nusu, akazitema pini kwenye kibati, akafuta simu kwa upindo wa kanga yake. Walikaa kwenye benchi moja, bega kwa bega. Hawakuwa wamekaa hivyo tangu msibani.

Mwanzoni ukungu mtupu. Kisha ukungu ukanyanyuka kidogo, kama mtu anayepandisha pazia kwa kidole, na chemchemi ikatokea, maji yametulia, matete yana umande. Pundamilia walikuwa wamejipanga ukingoni, vichwa chini, wanakunywa. Ungeweza kusikia wanavyofyonza maji. Ilikuwa picha ya kuwekwa ukutani, hata Fagio, aliyeziona nyingi, alisikia nywele zinamsimama.

Halafu, kutoka upande wa kushoto, akaingia yeye.

Binti alishika mdomo.

Aliingia kama mtu anayeingia jikoni kwake. Kanga moja kiunoni, nyingine begani, ndoo ya bluu inaning'inia mkononi. Alikuwa anaimba kwa pua, wimbo usio na maneno, ule aliokuwa akiimba akiwasha moto. Pundamilia wa mwisho aliinua kichwa, akamtazama, sikio moja likacheza, akarudi kunywa. Walikuwa wanamjua. Mama akazidi kusogea, taratibu, mpaka akawa amesimama karibu nao, mtu na wanyama kwenye maji mamoja, na jua likaanza kutoka nyuma yao.

Ikasikika sauti ya mwanamume karibu na kamera, ya chini, ya kuongea polepole.

"Mwacheni. Mwacheni mama apite, inapendeza."

Fagio aliijua sauti ile. Ndiyo aliyokuwa ameitukana mbele ya vikombe vya chai.

Na juu yake ikaja nyingine, ya haraka, ya mtu anayetaka kuonekana anajua kazi.

"Hapana, Mkuu, usiwe na wasiwasi! Huyu ni wangu. Namwondoa sasa hivi." Kisha ikapasuka, ikavuka bonde na kurudi: "Toka! Toka kwenye picha, we mwanamke! Unaharibu kazi za watu!"

Pundamilia walitimka. Maji yakaruka, vumbi likapanda, mistari myeupe na myeusi ikachanganyikana, na chemchemi ikabaki tupu. Mama peke yake ndiye hakukimbia. Alisimama palepale. Akaweka ndoo chini, akashika kiuno, akageuka akaitazama kamera sawasawa, uso wake wote, lile pengo la jino la pembeni, zile kope. Wala hakuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa anacheka.

"Haya mambo!" alisema, kwa sauti ya kusikika vizuri. "Punda wanakunywa hawaulizwi, mimi nafukuzwa! Basi nichoree mistari na mimi, nikae." Aliinua ndoo, akaitikisa kuelekea kwenye kamera, kuelekea kwa yule aliyekuwa nyuma yake. "Nimekusikia, bwana mkubwa. Naondoka. Ukirudi nyumbani usiniulize maji."

Mtu mmoja akacheka karibu na kamera. Labda Subiri, labda Mkuu. Mama akatoka kwa mwendo wa madaha, kiuno kikisema lake, na picha ikakatika.

Nje muuza sabuni alipita akinadi, akaenda zake.

Binti alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, machozi yanamdondoka kwenye tumbo lake lililotuna. "Mama jamani," alisema. "Nichoree mistari! Mama jamani!" Kisha kicheko kikaisha polepole, akabaki anaitazama simu. "Baba. Yule anayesema mwacheni apite, ni nani?"

Fagio alisogeza kile kibati cha pini.

"Mkuu."

"Si yule uliyesema..."

"Ndiyo."

Binti hakuuliza habari za sauti ya pili. Sauti ile ndiyo iliyomfundisha kutembea, ndiyo iliyokuwa ikimwita arudi nyumbani giza likiingia. Asingeikosea hata kwenye soko la watu elfu.

Fagio alitazama mikono yake. Alitaka kukumbuka jioni ya siku ile. Alikumbuka alirudi nyumbani amechoka na matope hadi magotini, akaoga, akala, akaenda kulala. Maji ya kuoga yalikuwepo. Alitafuta kichwani kama mkewe alisema lolote, kama alinuna, kama alimtania tena. Hapakuwa na kitu. Alikuwa amepafagia.

"Hakuenda kichwa chini," alisema.

"Nani?"

"Mama yako. Nilikuwa nasema alikwenda kichwa chini. Nimewaambia watu wote."

Binti alifuta macho kwa kanga. Alikuwa mtu wa kutafuta jinsi ya kurekebisha vitu. Nguo ikibana anaachia mshono, ikilegea anakaza. Akasogea karibu.

"Kuna kijana duka la pili anajua kukata video. Naweza kumwambia aitoe sauti hii. Ibaki picha tupu, Mama na punda wake. Mtoto akitazama aone hivyo tu."

"Aitoe yangu?"

"Yako peke yake hawezi, nilimwuliza zamani kwa ajili ya video ya harusi moja. Alisema sauti zikishikana haziachaniki. Akitoa yako, na ya Mama inatoka. Na ule wimbo."

Mzee alikaa akifikiri. Ilikuwa rahisi sana kusema itoe. Katika maisha yake yote hakuna kazi aliyoijua zaidi ya hiyo.

"Iache," alisema.

Alirudi hifadhini kwa gari lilelile. Getini alimkuta Mkuu amesimama peke yake, faili kwapani, anatazama tumbili walivyokuwa wanachezea waya. Njia nzima Fagio alikuwa amepanga maneno. Alishuka, akasogea, akavua kofia.

"Mkuu."

"Fagio. Umefika? Umeiona?"

"Nimeiona."

Mkuu alingoja. Fagio alifungua mdomo, na yale maneno aliyoyapanga yakamkwama palepale lilipokwama lile kokwa la miaka yote.

"Zile buti za mpira," alisema, "tuliahidiwa tangu mwaka jana. Hazijaja."

"Hazijaja," alisema Mkuu. "Nitaulizia tena. Kuna kingine?"

"Hakuna, Mkuu."

Alikuwa amekwisha kumpa kisogo, tena ameshafika kwenye kona ya karakana, alipogundua kwamba hakumwita bwana mkubwa. Hakurudi.

Asubuhi iliyofuata alitamani kazi iwe chemchemini. Alikuwa amejiambia kwamba akitokea mama yeyote na ndoo yoyote, atakaa kimya, wamfukuze kazi wakitaka. Lakini ratiba ilisema uwanda wa chumvi, ambako hapiti mtu wala mbuzi. Alisimama nyuma ya Subiri tangu alfajiri, tawi mkononi, anautazama ule weupe usio na mwisho. Hata unyayo mmoja wa kuuacha haukuwepo. Siku zilizofuata walihamia msituni, kisha wakafunga mizigo yao. Subiri alipoagana naye alimshika mkono kwa mikono yote miwili. "Niliipenda sana picha ile," alisema. "Nilitaka aendelee kutembea." Fagio aliitikia kwa kichwa.

Tangu hapo, kila Jumapili alipanda kwenda mjini. Ile picha ya kitambulisho binti aliishusha ukutani, mahali pake pakabaki msumari. Mzee hukaribishwa benchini, huulizwa habari za njia, hupewa maji ya kunywa. Hunywa, hufuta mdomo, hutazama cherehani, hutazama tumbo la binti lilivyozidi kukua. Haombi. Binti humaliza mshono alioushika, hukata uzi kwa meno, huchukua simu na kuja kukaa karibu naye.

"Leo tutazame bila sauti, Baba?" humwuliza, kwa kumhurumia.

"Na sauti," husema Fagio, na huinamisha kichwa kabla haijaanza.